Hatukuja Kununua Shamba

Mtu wa Riruta akihama, majirani hujua hata kabla ya dereva wa canter. Huwa wanajua na aendako, maana ramani yetu ya kuhama ni fupi: kodi ikipanda unashuka Kabiria au Ngando, pesa ikipatikana unaenda kujenga Rongai, Kitengela au Joska. Sisi tulipotaja Lamu, mama wa nyumba ya pili aliweka karai la nguo chini. "Lamu hii ya kwa habari?" akauliza. "Na hawa watoto mnaenda nao, jirani?"

Sikumlaumu. Kwa mkazi wa Nairobi, Lamu ina sura mbili tu. Kuna ile ya picha za fungate, jahazi na jua linalozama, na kuna ile ya taarifa ya saa moja usiku, ambapo jina la Lamu hufuatwa na msitu wa Boni, Mpeketoni na maafisa wa usalama. Sura ya tatu, ya mtu anayeamka asubuhi akatafuta maji, akapeleka mtoto shule na kulipa kodi tarehe tano, haionyeshwi popote. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaihamia.

Mke wangu ni muuguzi, na kazi ndiyo iliyomwita kisiwani. Mimi nahariri vitabu vya shule, kazi inayotoshea kwenye begi. Tuna watoto wawili: msichana wa gredi ya nne, na mvulana ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule lakini alikuwa ameshamaliza kuvunja kila kinachovunjika nyumbani.

Mama yangu, shosho wa watoto, hakuuliza habari za usalama. Aliuliza ardhi. Yeye bado anakaa Satellite, kwenye kipande kilichosalia cha shamba la babu. Wapangaji wengi wa Kawangware hudhani sehemu hizi zimekuwa mji tangu zamani. La. Hapa palikuwa mashamba ya Wakikuyu, upande wa Kiambu, mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963 na Dagoretti ikaingizwa jijini. Mji haukufika kwa tingatinga. Ulikuja na watu wapole waliokaribishwa chai, wakauliza bei ya pembe moja ya shamba, wakaondoka, wakarudi na pesa. Pembe ikawa safu ya vyumba vya mabati, safu ikawa ghorofa, na wajukuu wa ukoo ule ule wakajikuta wanalipa kodi ya chumba mahali ambapo nyanya zao walivuna viazi.

"Huko uendako usiulize bei ya shamba," mama aliniambia huku akichambua njahi. "Sisi pia tuliulizwa kwa adabu."

Kabla ya kufunga mzigo wowote, mke wangu alimpigia mwenye nyumba wetu mtarajiwa, mama mtu mzima wa Amu, kama wenyewe wanavyouita mji wa Lamu, akamwomba atupimie mlango. Akatupimia kwa shubiri. Mlango una pande mbili, akasema. Upande mmoja ni shubiri tatu kasoro, na wa pili haufunguliwi ila pawe na harusi au jeneza. Hapo hapo tukajua kwamba kochi letu la umbo la L, kazi ya maseremala wa Ngong Road, haliendi popote. Lilinunuliwa na yule mama wa karai, kwa bei ya ujirani. Kabati nalo likabaki. Tulichobeba ni magodoro, mtungi wa gesi, friji ndogo, cherehani, sufuria na vitabu vyangu. Masweta tuliyaacha kwa shosho. Riruta iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na ijapokuwa makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako hapo hapo Dagoretti Corner, hakuna anayehitaji kutangaziwa baridi ya Julai.

Canter ilikuwa kesi nyingine. Dereva tuliyempata stejini Kawangware alikubali kufika Malindi tu. "Kutoka Malindi tafuta mtu wa huko," akasema, na hakuna bei iliyomfanya abadilishe. Mzigo wetu ukamaliza safari kwenye lori la saruji.

Reli sitaipotezea wino. Tangu 2017 treni inakutoa Syokimau asubuhi na mchana uko Miritini, na watoto wakiona tembo wa Tsavo dirishani wanasahau kuuliza tutafika lini. Safari yenyewe huanza Mombasa, ukipanda basi la Lamu. Unapita Kilifi, Malindi, mashamba ya chumvi ya Gongoni, halafu nchi inafunguka: tambarare, ng'ombe wa Waorma, kisha Garsen na mto Tana wenye rangi ya chai ya maziwa.

Baada ya hapo safari inapimwa kwa vizuizi. Wote mnashuka, wanaume mstari wao, wanawake wao, kitambulisho mkononi, basi linapekuliwa. Mvulana wetu aliyapenda sana mapumziko hayo. Kwa mtu aliyekulia kando ya Kawangware, kumulikwa tochi na polisi na kuulizwa unatoka wapi si jambo geni. Geni lilikuwa kuulizwa kwa upole. Tukapita Gamba, tukapita Nyongoro, ambako basi lilimiminiwa risasi Januari 2020, na hapo mazungumzo ndani ya basi yalipungua yenyewe bila mtu kuambiwa anyamaze. Barabara sasa ni lami safi. Zamani ilikuwa mchanga na mashimo, na gari lililopunguza mwendo kwenye shimo lilikuwa windo rahisi. Mtu wa Nairobi hulalamikia lami kwa sababu ya foleni. Huku lami ni usalama.

Witu alipanda mama mmoja na magunia mawili ya kabichi, akaketi kando ya mke wangu. Baada ya maneno machache wakagundua wanaweza kuzungumza Kikikuyu. Mama huyo alizaliwa Mpeketoni. Wazazi wake walikuja katika miaka ya sabini, serikali ilipoanzisha makazi ya wakulima kandokando ya Ziwa Kenyatta na kugawa mashamba, mengi yakienda kwa watu waliotoka mkoa wa Kati. Juni 2014 washambuliaji waliingia mji huo usiku, na katika siku chache waliuawa zaidi ya watu 60. Aliisimulia kwa ufupi, kama mtu anayelipa nauli. Kilichomkera zaidi siku hiyo ni kingine. "Nyinyi mkifika Amu mtaitwa wabara," alisema. "Mimi naitwa mbara na nimezaliwa hapa. Murang'a sijui hata steji yake iko wapi."

Akashuka na kabichi zake. Mke wangu akawa kimya mpaka mji wa Hindi.

Mokowe ndipo bara inapoishia. Maji yalikuwa yamekupwa, boti zimekaa chini mbali na ngazi, na mzigo ulipaswa kushushwa mkono kwa mkono. Mahamali walifanya kazi kwa kelele nyingi na makosa machache. Godoro moja lilirushiwa maji ya chumvi, na mpaka leo kona yake hainyooki. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, watoto wamevikwa maboya yanayowafika magotini. Si safari ndefu: unapita mikoko, unapinda, na mji wote unatokea kwa mkupuo, mweupe, umepanga nyumba zake ukingoni mwa maji.

Forodhani tulipokewa na kijana mwenye punda. Alitazama friji, akamtazama punda, akanitazama mimi.

"Friji itabebwa na watu, bwana. Huyu ana mimba."

Akampakia magodoro na kuweka sufuria kwenye shogi, huku wanaume wawili wakiitia friji kamba na kuibeba kwa mpiko, bega kwa bega, mmoja mbele, mmoja nyuma. Vichochoro vya Amu vinatosha punda wawili wakipishana kwa heshima, na pikipiki zilizoanza kuingia kisiwani wazee hawazitaki humo. Tukawa msafara: punda, friji, cherehani kichwani kwa mtu, mke wangu na mtungi wa gesi ambao hakumwachia mtu yeyote, watoto, mimi na vitabu. Njiani kila baraza ilituuliza tunatoka wapi na tunaenda kwa nani. Kufika mlangoni, mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa kwamba tuna mtoto wa kiume mtundu. Baadaye niligundua kwamba punda wa hapa wana zahanati yao tangu 1987, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza liitwalo Donkey Sanctuary, na hutibiwa bila malipo. Najua watu wazima Riruta ambao wangeomba waandikishwe.

Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya kale upande wa Langoni. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba simu hushika mtandao dirishani tu, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Zidaka za ukutani, ambazo zamani ziliwekwa vyombo vya kaure, sisi tuliwekea vitabu vya gredi ya nne na chaja. Ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821 iko umbali wa kutuma mtoto dukani. Mji mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hilo ni jambo la fahari mpaka siku unapotaka kubadilisha dirisha.

Wiki za mwanzo tulishindwa na joto. Watoto walitoka harara shingo nzima. Mwenye nyumba akaleta ndoo ya maji ya mwarobaini, akawaogesha yeye mwenyewe. "Mwanangu, hii ni kaskazi," alimwambia mke wangu. "Ngojani kusi, mtatafuta mablanketi." Kusi ilipokuja, tulitafuta shuka. Wenyeji wenyewe ndio waliovaa masweta.

Maji nitayaelezea kidogo, kwa sababu yana uhusiano na lile onyo la mama kuhusu shamba. Riruta maji ni mtungi wa lita 20 unaoletwa na mkokoteni, na bomba likikauka bei hupanda kabla ya jua kuchomoza. Amu maji matamu hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hunyonywa na mchanga ule na kukaa chini kama tabaka jepesi juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya vilima na kuchimba mashimo ya choo, unachafua kisima cha mji mzima. Ndiyo maana mtu akitaja kujenga hoteli kwenye mchanga wa Shela, wazee wa Amu, watu watulivu kabisa, hubadilika sauti.

Chakula kilitugeuza polepole. Sukuma wiki, ambayo Kawangware hufungwa fungu bila kufikiriwa, hapa inavuka bahari kutoka mashamba ya bara na bei yake inavuka nayo. Watoto walihamia mahamri na mbaazi bila kutoa notisi. Jumapili twaenda kanisani, na Ramadhani sinia za futari zilipanda ngazi zetu kila jioni hata mke wangu akaanza kuona haya kurudisha vyombo vitupu, akawa anavirudisha na chapati.

Lililobadilika zaidi ni kujulikana. Mvulana alianguka kichochoroni akapasuka goti. Nilipopata habari alikuwa ameshaoshwa, amepakwa dawa na amepewa kashata, na mama yake kazini ameshaambiwa na watu kadhaa. Riruta angelia mpaka nimfikie. Lakini jicho linalomwona mtoto linakuona na wewe. Nikikaa ndani siku mbili nikikimbizana na muswada, mtu hupiga hodi kuuliza kama naumwa. Nikinunua samaki mkubwa, naulizwa mgeni ni nani. Msichana wetu aliyekuwa akipita majirani kama nguzo za umeme sasa haendi dukani bila kuamkia kila mzee aliye njiani. Mkate unachukua nusu saa. Kuna siku mke wangu hutamani kupita mahali ambapo hakuna anayejua ametoka zamu gani. Nadhani hiyo ndiyo bei, nami naona inalipika.

Swali ambalo mama alilitabiri lilikuja jioni moja kwenye baraza ya Mkunguni, mbele ya ngome. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alinikaribisha kahawa, akauliza kuhusu watoto, akauliza kuhusu Nairobi, halafu akauliza alichotaka kuuliza.

"Mumekuya kwa kazi au kwa shamba?"

"Kwa kazi, mzee wangu. Tumepanga."

"Na shamba?"

"Hatutaki."

Aliyeketi kando yake akacheka bila ubaya. "Wote huanza hivyo."

Nilirudi nyumbani nikiwaza hesabu. Kwa sensa ya 2019, Kaunti nzima ya Lamu, visiwa na bara yake, ina watu 143,920. Dagoretti peke yake, yaani Riruta, Kawangware na majirani zao, ina 434,208. Mara tatu. Theluthi moja ya majirani zetu wakiamua kuhama kama tulivyohama sisi, Waamu, Wabajuni, Waswahili wa Pate na Siyu na Waboni wa msituni watakuwa wachache kwao wenyewe kabla ya uchaguzi unaofuata. Mtu anayeiita hofu hiyo ukabila hajapiga hesabu hiyo.

Na hesabu hiyo haikuanza na sisi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe umiliki wao kwa karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru ikarithiwa na serikali iliyofuata. Ndiyo maana mtu ambaye babu zake saba wamezikwa Amu anaweza kuitwa skwota. Kisha ukaja mpango wa uchukuzi wa LAPSSET na habari za bandari mpya, na ardhi ikapata wapenzi wa ghafla. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Kampuni ishirini na mbili. Mpeketoni ilikuwa bado inazika.

Bandari ilifunguliwa gati ya kwanza Mei 2021, ng'ambo ya Kisiwa cha Manda. Kuchimba kina chake kulivuruga mahali pa kuvua, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata jopo la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe karibu na hapo. Kwa hiyo watu hawa si wanyonge, na wanajua njia ya mahakamani. Lakini kesi ya ploti moja moja, inayouzwa kwa simu kwa mtu aliye Nairobi ambaye hajawahi kuiona, haina mahakama ya kuisikiliza. Hiyo inakuja kwa adabu na chai.

Nimeshatafutwa. Jamaa wa Kawangware, watu wema ambao tulisaidiana kusukuma magari kwenye tope la Naivasha Road, hunipigia: "Wewe uko chini huko, tuangalizie kitu karibu na bandari, hata robo ekari." Wanaamini wananitakia heri, kwamba nikichelewa nitajuta. Nawajibu kwamba sijui mashamba, najua bei ya samaki. Wengine huona nimekuwa na maringo ya kisiwa.

Silazimishi mtu, na Katiba inamruhusu Mkenya kumiliki ardhi popote. Lakini kinachoruhusiwa na kinachofaa ni mambo mawili, na kwetu Riruta tumeona tofauti yake kwa macho. Muuguzi, mwalimu, fundi wa friji, mshonaji: hao Lamu inawahitaji na inawapokea. Mke wangu hajawahi kuulizwa na mgonjwa kwa nini amekuja. Mtu wa kununua ekari, azungushe seng'enge, aende zake kungoja bandari ipandishe bei, huyo anahamisha uzio tu, na kuna mtoto wa Hindi au Kililana, huko karibu na bandari, atakayekua akiuzunguka.

Basi, jamaa wa Riruta na Kawangware mnaonipigia: njooni. Njooni na kazi mikononi, na vitambulisho, na neti za mbu, na masweta yaacheni kwa shosho. Pimeni mlango kabla ya kupakia kochi. Nyumba za kupanga zipo, na nitawatafutia bila kuchukua hata senti ya udalali. Za mashamba msinipigie.